Gari la Juu la Zamani Linapobugia Mafuta: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, wenye magari ya juu ya zamani hapa Dar es Salaam huwa wa kwanza kupiga hesabu. Mwongozo huu nimewaandikia wao: wenye Prado, Pajero, Escudo, X-Trail, RAV4 na mengineyo ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gari zito lenye injini ya lita tatu halitageuka kuwa Vitz, na atakayekuahidi hivyo anataka fedha zako. Lakini gari lililokuwa likienda kilomita saba na nusu kwa lita moja, na sasa linakwenda tano na nusu, lina ugonjwa, na ugonjwa huo una mahali ulipo. Kosa ninaloliona likirudiwa gereji baada ya gereji ni kununua sensa, plagi na nozeli (vinyunyizio vya mafuta) kwa kubahatisha, kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Nami nililifanya, na gharama yake nitaieleza mbele kidogo.

Hakikisha kwanza kwamba ulaji umeongezeka

Mshale wa mafuta kwenye dashibodi haupimi ulaji, na mazoea yetu ya kuweka mafuta ya elfu thelathini leo na ya elfu ishirini kesho hayampi mtu hesabu yoyote ya kuaminika. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, kisha rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Tembea kilomita zisizopungua 250 kwa shughuli zako za kawaida, urudi kwenye kituo kilekile na ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena kwa namna ileile. Gawanya kilomita kwa lita zilizoingia: kilomita 312 kwa lita 54 ni takriban kilomita 5.8 kwa lita. Rudia mara tatu, kwa sababu tangi moja peke yake linaweza kukudanganya.

Kabla ya kuliamini jibu hilo, angalia namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Prado nyingi za toleo la 95 zilikuja na tairi za 265/70R16. Ukifunga 285/75R16 ili gari linyanyuke, kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 7, na mita itaandika kilomita 100 wakati umetembea karibu 107. Mwenye tairi hizo hulalamikia ulaji ulio mbaya kuliko ulivyo kweli, ingawa ni kweli pia kwamba tairi kubwa na nzito zinaongeza mzigo wa injini mjini, kila gari linapoanza kuondoka.

Jiulize vilevile kama ni njia yako iliyobadilika. Injini ya lita 2.7 iliyosimama ikinguruma huku kiyoyozi kikifanya kazi hutumia takriban lita moja kwa saa, na wakati mwingine zaidi. Anayesimama kwenye foleni jumla ya saa moja na nusu kwa siku kati ya Mbezi na Posta, kwa siku 22 za kazi, anachoma zaidi ya lita 30 kwa mwezi bila gari kusogea. Hakuna fundi anayeweza kuzirudisha lita hizo.

Kwa hiyo fanya kipimo cha pili: Jumapili alfajiri, jaza tangi, uende Bagamoyo na kurudi kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, kisha ujaze tena. Ukilinganisha vipimo hivi viwili utakuwa umepunguza nusu ya kazi ya upelelezi. Gari linalokwenda vizuri safarini lakini likala sana mjini huwa na shida ya foleni, kiyoyozi, mizunguko ya juu ya injini likiwa limesimama, au injini isiyopata joto katika safari fupi. Gari linalokula sana safarini kuliko inavyotarajiwa huelekeza macho kwenye giaboksi, tairi, mizigo ya juu ya paa na mwendo wa dereva. Linalokula kotekote lina hitilafu ya uchomaji wa mafuta, au kuna kitu kinachoizuia miguu yake kuzunguka kwa wepesi.

Dalili: mshale wa joto unakaa chini, au unashuka gari likikimbia

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndicho chanzo nilichokikuta mara nyingi katika jiji hili na ndicho kinachotazamwa kwa nadra. Katika foleni mshale unapanda hadi mahali pake pa kawaida, lakini ukishapita Bunju na upepo ukaanza kuingia kwenye rejeta, unashuka. Asubuhi injini huchukua muda mrefu kabla mizunguko haijatulia. Bomba la moshi lina harufu ya petroli mbichi, na oili inakuwa nyeusi mapema.

Mara nyingi maana yake ni kwamba themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imeondolewa, au imekwama ikiwa wazi. Kuondolewa kwake kuna historia. Gari huchemsha katika foleni ya mchana kwa sababu rejeta imeziba, na rejeta imeziba kwa sababu kwa miaka mingi imewekewa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti. Au feni imechoka na haivuti upepo wa kutosha. Badala ya kusafisha rejeta, fundi anaitoa themostati, joto linashuka, mwenye gari anashukuru, na siku hiyo kila mmoja anaondoka ameridhika.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya injini hutegemea joto la maji kuamua kiasi cha mafuta. Maji yakiwa ya baridi, inaamini kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa, hivyo inaendelea kuongeza mafuta kama ifanyavyo asubuhi. Magari mengi ya otomatiki pia hayaruhusu gia ya juu kabisa, wala kufungwa kwa kibadilishi cha nguvu (torque converter, kinachounganisha injini na giaboksi), mpaka maji yafikie joto fulani. Kwa kosa moja unaadhibiwa mara mbili, mara ya pili kwa mizunguko ya juu isiyo na sababu.

Kuthibitisha ni rahisi na hakuhitaji mashine. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe na ushike paipu ya maji ya juu inayoingia kwenye rejeta, ukiuepusha mkono na feni na mikanda. Themostati ikiwa nzima, paipu hubaki ya baridi kwa dakika kadhaa, halafu hupata moto kwa ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, maji yanazunguka bila kizuizi. Themostati yenyewe hujaribiwa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: nyingi zimegongwa namba 82 au inayokaribia hapo, na zinapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi hizo za Selsiasi, si kabla.

Prado yangu ya mwaka 1999 ilifanyiwa hivyo katika gereji moja wakati wa kutengeneza rejeta, na hakuna aliyeniambia. Gari liliposhuka kutoka kilomita 7.4 hadi 5.6 kwa lita, nilinunua plagi mpya, nikasafishiwa nozeli, kisha nikanunua sensa ya oksijeni iliyonigharimu kuliko hivyo vyote viwili. Hakuna kilichobadilika. Ni baada ya safari ya Chalinze, nilipouona mshale umelala karibu na alama ya baridi wakati wa jua la saa saba mchana, ndipo nilipofungua kifuniko cha themostati na kukuta pango tupu. Themostati mpya na kulanti vilirudisha kilomita 7.1 katika tangi la pili.

Onyo moja ni la lazima. Usirudishe themostati kabla ya kuhakikisha rejeta imesafishwa na feni inavuta vizuri, la sivyo gari litachemsha tena na unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Jua pia kwamba Toyota nyingi za zamani zina sensa mbili za joto la maji: yenye waya mmoja inauendesha mshale wa dashibodi, na yenye nyaya mbili inaiarifu kompyuta. Mshale unaweza kusoma sawasawa huku kompyuta ikidanganywa. Sensa ya nyaya mbili hupimwa kwa multimita: ikiwa ya baridi, kwenye nyuzi 20 hivi, inapaswa kuonyesha kati ya kiloomu 2 na 3, na kwenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya oomu 200 na 400. Hiki ni kipuri cha bei ndogo, na kinapokufa hula mafuta kimyakimya bila injini kukosa nguvu.

Dalili: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi kama masizi

Toa plagi zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu inatoka kwenye silinda inayochoma vizuri. Masizi makavu meusi kwenye plagi zote humaanisha kwamba injini nzima inapewa mafuta mengi. Moja tu ikiwa nyeusi au imelowa, tatizo ni la silinda hiyo: nozeli inayovuja, koili au waya wake, au plagi yenyewe. Kwa bahati mbaya plagi bandia zimejaa sokoni, na boksi zuri si uthibitisho. Nunua kwa muuzaji atakayekubali kuirudisha.

Plagi zote zikiwa nyeusi, anza na kirekebisha shinikizo la mafuta, kile kidude kwenye reli ya nozeli chenye kijipaipu chembamba cha upepo. Chomoa kijipaipu hicho. Ukikuta ndani yake kuna petroli, au hata harufu yake kali, ngozi ya ndani imepasuka na petroli inafyonzwa moja kwa moja kuingia kwenye injini bila kupimwa na nozeli. Gari la namna hii husumbua kuwaka likiwa la moto, na kijiti cha oili hunuka petroli. Usiendelee kulitumia hivyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kuzilinda beringi za injini.

Baada ya hapo ndipo sensa ya oksijeni itazamwe. Ile ya kawaida ya kizazi hicho, injini ikiwa imepata joto, hupandisha na kushusha volti kati ya takriban 0.1 na 0.9 mara kwa mara. Ikiganda sehemu moja au ikisuasua, imechoka, na iliyotembea zaidi ya kilomita 150,000 haishangazi ikifika hapo. Lakini kabla ya kuihukumu, sikiliza mlio wa "pf, pf" kwenye maungio ya bomba la moshi injini inapowashwa ikiwa ya baridi. Bomba likiwa na ufa mbele ya sensa, hewa ya nje hupenya, sensa inaona oksijeni nyingi, na kompyuta inaongeza mafuta ili kusahihisha kosa ambalo halipo. Silinda isiyowaka vizuri huleta matokeo hayohayo, kwa kuwa oksijeni yake inatoka bila kutumika. Sensa mpya katika hali hizo itasoma kosa lilelile kwa usahihi zaidi, na ulaji utabaki palepale.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya miaka ya 2000 mara nyingi hayazungumzi na vile vifaa vidogo vya bluutuzi vinavyouzwa Kariakoo, hata kama tundu linaingiliana. Kwa Toyota za wakati huo, kuna kiboksi cha uchunguzi ndani ya boneti. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, ukaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ya injini itapepesa idadi inayolingana na namba ya hitilafu. Soma michoro ya kifuniko cha kiboksi kwa makini, kwa maana kuunganisha matundu yasiyohusika kunaweza kuleta hasara.

Dalili: gari ni zito, halitiririki ukiachia pedeli ya mafuta

Jiji hili lina maji ya chumvi upande mmoja na mafuriko upande mwingine. Gari lililowahi kuvuka maji Jangwani au katika mitaa ya bondeni linaweza kuendelea kutembea kwa miezi huku pistoni za kalipa za breki zikiganda kwa kutu na pedi zikisugua diski muda wote. Endesha kilomita kumi kwenye barabara isiyo na foleni, ukitumia breki kwa nadra, kisha simama na ukaribishe kiganja kwenye kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lililo na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndilo la kufunguliwa. Baada ya hapo weka kabari kwenye magurudumu mengine, achia hendibreki, weka gia huru, nyanyua gurudumu hilo kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Mlio wa kukwaruza unaokuja na kuondoka ni breki, na mngurumo mfululizo ni beringi.

Maji hayohayo huingia kwenye difu kupitia tundu la kupumulia. Fungua nati ya kujazia: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe leo, wala isisubiri sevisi ijayo. Kwa magari ambayo dereva huchagua mwenyewe kuendesha magurudumu manne, hakikisha mfumo unaachia unapoutoa. Ukihisi gari linakakamaa na kurukaruka katika kona kali kwenye lami, axeli za mbele na nyuma bado zimeshikana, na hapo unalipia kwa mafuta, tairi na giaboksi kwa pamoja.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kwa jicho wala kwa namba moja ambayo kijana wa upepo humjazia kila anayepita.

Dalili: barabarani injini inanguruma sana kwa mwendo ule ule

Angalia dashibodi: je, taa ya "O/D OFF" inawaka? Kitufe chake, kinachozuia gia ya juu kabisa, kiko ubavuni mwa rungu la gia na hubonyezwa kwa bahati mbaya. Nimekutana na mwenye gari aliyetembea mwaka mzima bila gia yake ya nne kwa sababu hiyo tu.

Taa ikiwa imezimika, tembea kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, ushike pedeli kwa utulivu, kisha uguse breki kidogo kwa mguu wa kushoto bila kupunguza mafuta. Fanya hivyo barabara ikiwa tupu. Kama kibadilishi cha nguvu kilikuwa kimefungwa, mshale wa mizunguko utapanda kwa mamia kadhaa na kushuka tena unapoachia. Usipotikisika, huenda hakifungi kabisa. Rudi kwanza kwenye joto la maji, kisha kwenye kiasi na rangi ya oili ya giaboksi, kabla ya kumruhusu mtu aishushe.

Mambo yanayolaumiwa kuliko yanavyostahili

Filta ya hewa ndiyo ya kwanza kutupwa kila ulaji unapotajwa. Katika gari la petroli lenye nozeli za umeme, filta chafu hupunguza nguvu kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa iliyopo. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilionyesha jambo hilo katika vipimo vyake vya mwaka 2009. Ibadilishe kwa ajili ya kuilinda injini na vumbi, ila usiitegemee irudishe kilomita mbili kwa lita. Kwa gari la kabureta au dizeli hesabu ni nyingine.

Oili nzito ya 20W-50 katika injini iliyoelekezewa 10W-30 huongeza ulaji kidogo. Keria tupu juu ya paa nayo hula kila safari ndefu, kwa hiyo ivue kama huitumii. Kuhusu sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta na vidonge vya kutia tangini, Wakala wa Mazingira wa Marekani umepima vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo kwa miaka mingi, na ni vichache mno vilivyoleta nafuu yoyote.

Ikiwa ni dizeli

Moshi mweusi ukipanda mlima unadai mambo matatu kwa mfuatano: filta ya hewa, paipu za turbo zilizopasuka au kulegea, kisha nozeli. Nozeli zilizochoka humwaga mafuta kama mkojo badala ya kuyatawanya kama ukungu, na hupimwa kwenye mashine ya mafundi wa pampu kwa muda mfupi. Ziangaliwe kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu ya pampu. Kuongeza mafuta kwenye pampu ili gari "lipate nguvu" ni dawa inayozidisha ugonjwa.

Injini yenyewe ikiwa imechoka

Yote yakishapimwa na ulaji ukabaki palepale, pima kompresheni ya kila silinda injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje na pedeli ya mafuta ikikanyagwa hadi mwisho. Toyota huruhusu tofauti ya takriban psi 14 kati ya silinda na silinda. Silinda iliyo chini iongezwe kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: ikipanda, ringi zimekwisha, na isipopanda, tazama valvu. Ukilazimika kununua injini iliyotumika, mwombe muuzaji akuruhusu kuipima kompresheni hapohapo dukani kabla hujalipa, na utazame pia kama themostati yake ipo.